Maini Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

Kwako mpwa wangu, Profesa mtarajiwa,

Kabla ya salamu nikwambie jambo ambalo watu wa mji huu wanalijua ila wanaogopa kulisema: kama si mimi, mji huu ungekuwa umeshaibiwa wote, na taa za barabarani juu. Kila mbwa anayelinda benki, ghala au nyumba ya mkubwa yeyote hapa amepita mkononi mwangu. Mkurugenzi wa kampuni yetu ya ulinzi akitaka kuingia bandani, ananiomba ruhusa mimi. Juzi alisimama nje ya wavu akanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mzee, naweza kuingia?" Nikamwambia, "Kaa kwanza." Akachuchumaa palepale na suti yake. Mbwa wenyewe walitazamana.

Haya. Nimepata barua yako kwamba unaandika tasnifu ya kumalizia shahada, juu ya hao wataalamu wa saikolojia ya tabia na hao wanawake wa nadharia ya ufeministi, wapi wanapatana na wapi wanagombana, na kwamba unataka kunihoji mimi kuhusu kufunza mbwa. Umebisha mlango ulio sawa. Wenzako wakitaka kuhoji mtu wanahoji mtu. Wewe umepata taasisi.

Ila kwanza nikurudishie imla yako. Umeandika: "Kwa wataalamu hawa, kiumbe akituzwa anapotenda jambo, atalitenda tena." Profesa, umesahau N! Ni "akitunzwa". Chuo kizima hamna mwenye N ya kukuazima? Nimekusahihishia kwa kalamu nyekundu. Usione haya, hata mimi darasa la saba nilikosa neno moja, na mpaka leo naamini mwalimu ndiye aliyekosea.

Sasa somo. Kwanza, jua mnyama anapenda nini. Huyu Meneja wangu wa hapa nyumbani (nilimpa jina hilo ili nipate raha ya kusema "Meneja, kaa chini!") anapenda maini makavu. Basi maini hayakosekani mfukoni mwangu, hata kwenye suruali ya harusini. Pili, akifanya unachotaka mpe palepale, na umwambie "Safi!" Tatu, na hapa ndipo penye siri ambayo sijamuuzia mtu, maini unayapunguza kidogo kidogo mpaka linabaki neno tupu. Atafanya kazi mpaka meno yamtoke, kwa neno moja.

Na kwa kuwa unaandika mambo ya wanawake, nakuongezea bure: ndoa nayo ni hivyohivyo. Mkaza mjomba wako nilimuoa hajui kuchemsha maji. Leo nikitia mguu mlangoni, maji ya kunawa yapo, sahani ipo. Namwambia "Safi!" Basi. Nyumba imetulia kama maji ya mtungini. Hapa ninavyoandika yuko jikoni, anakusalimu sana.

Mjomba wako,
Mkuu wa Mafunzo


Ijumaa, 7 Machi

Mama, shikamoo.

Mkaza mjomba bado yuko kwangu. Kitanda nimemwachia, mimi nalala chini, na kila asubuhi tunagombana kwa heshima nani alale wapi. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na pasi yake ya umeme. Amenyoosha nguo zangu zote, kisha za wasichana wa chumba cha pili, kisha pazia. Akimaliza anasimama katikati ya chumba na pasi mkononi. Anasimama tu. Mara ya kwanza sikuelewa anasubiri nini. Mara ya pili nikamwambia, "Safi sana, mkaza mjomba," akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Ndipo aliponieleza. Siku aliyoondoka alikuwa ameweka sahani mezani, na wakati uleule Meneja akakaa chini karibu na kiti. Mjomba akasema, "Safi!" Mara moja. Macho yake yapo kwenye gazeti.

"Sikujua ameambiwa nani," akaniambia. "Hilo si kitu, nimezoea. Lakini nilijikuta nimefurahi, mwanangu. Hapo ndipo nilipoogopa."

Barua ya mjomba imefika leo. Niliifungua tukiwa wote, nikaisoma kwa sauti, sikujua yaliyomo. Nilipofika pale "yuko jikoni, anakusalimu sana", nikaishusha karatasi. Mkaza mjomba akasema, "Mwambie nimeitikia," akaendelea kukunja shuka.

Amenilisha kiapo nisimwambie mjomba kwamba yuko huku. Anasema hajaamua kurudi wala kutorudi. Nakuomba na wewe ufunge mdomo, ingawa mjomba ni mdogo wako. Na mimi mjomba ninampenda, ndiyo tabu yenyewe. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na kila nilipoanguka aliwaambia watu kwamba barabara ndiyo mbovu.

Mwanao


Jumatano, 12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Ahsante kwa somo. Msimamizi wangu amecheka mpaka miwani ikamwanguka. Kuhusu N, nitakujibu siku nyingine.

Ngoja nikueleze ugomvi wa hawa wakubwa wangu uko wapi. Wataalamu wa tabia wanasema: usiniambie kilichomo moyoni, maana siwezi kukiona. Nionyeshe kiumbe anafanya nini, na baada ya kufanya anapata nini. Mwanzoni baadhi ya wanawake wa nadharia walilipokea hilo kwa mikono miwili. Kama kila tabia imefunzwa, basi hakuna aliyezaliwa na ufagio mkononi. Upole, kunyamaza, kula mwisho, si damu, ni mazoezi. Na kilichofunzwa kinaweza kuachwa.

Lakini wakaendelea kusoma, wakafika mahali wakauliza: je, maini yamo mfukoni mwa nani? Nani aliamua kwamba kukaa ndiyo tabia njema na kusimama ndiyo mbaya? Na yule aliyenyamaza miaka yote, kwa kuwa moyo wake hauonekani kwenye vipimo, tuandike kwamba hauna kitu?

Nina swali moja tu la utafiti, mjomba. Umesema kanuni ya kwanza ni kujua mnyama anapenda nini. Meneja anapenda maini. Je, mkaza mjomba anapenda nini?

Mpwa wako


Alhamisi, 20 Machi

Kwako Profesa,

Swali rahisi hivyo ndilo wanalowatesea huko? Mkaza mjomba wako anapenda kunipikia. Andika, weka nukta, nenda ukalale. Anapenda pia nikirudi mapema. Anapenda nikisimulia. Ile hadithi ya mwizi aliyekimbizwa na mbwa wangu mpaka akaenda mwenyewe kituo cha polisi kuomba ulinzi, ameisikia mara mia, na kila mara anaisikiliza kama mpya.

Hilo la mifuko na maini limenichekesha. Kwani maini yakae wapi, mfukoni mwa mbwa?

Sisi hatujambo. Kazi ni nyingi. Nimeombwa na nchi tatu nikafunze huko, nimewaambia wangoje. Daktari amenishauri nipunguze chakula cha kupikwa, kwa hiyo siku hizi natumia zaidi mkate, tena mkate mtupu, ndio wenye nguvu kamili. Kwenye sukari wameingia sisimizi lakini nimewaachia, nao ni viumbe. Meneja ameanza tabia ya kulala mlangoni pa jiko, pua ndani, mkia nje. Nampa maini, anayanusa, anayaacha. Nadhani ni hali ya hewa.

Mkaza mjomba wako angekuandikia mwenyewe, ila ametoka kidogo kwa jirani.

Halafu, nilikuwa nataka kuuliza. Huko kwako hujapata mgeni yeyote? Nauliza tu. Siku hizi watu wanatembeleana sana.

Mjomba wako,
Mkuu wa Mafunzo na Mshauri wa Nchi za Nje


Alhamisi, 27 Machi

Mjomba, shikamoo.

Jikoni kwako hakuna mtu. Na kwa jirani hakuna mtu. Mkaza mjomba yuko hapa, alikuwa hapa hata kabla ya barua yako ya kwanza, na barua zako zote amezisikia. Ameniruhusu leo nikwambie.

Kuna jambo la kuomba radhi pia. Nilikuwa nakuuliza maswali huku najua majibu. Nilitaka nione utaruka upande gani. Jana mkaza mjomba aliniuliza kwa nini nimekuuliza anapenda nini wakati ningeweza kumuuliza yeye, yupo mita moja kutoka ninapolala. Nikasema ni kwa ajili ya utafiti. Akanitazama. "Kumbe na wewe una maini yako mfukoni," akasema. Nililala na neno hilo likinichoma.

Basi nikajibu lile la N. Sikuisahau, mjomba. Kutuza ni kumpa mtu kitu kwa sababu amefanya unachotaka. Kutunza ni pale anapokuwa hajafanya lolote, labda anaumwa, labda amekasirika, labda amekaa tu anatazama dirishani, na bado unamletea maji. Niliandika kutuza nikimaanisha kutuza. Wewe ndiye uliyesoma kutunza.

Usije. Ndivyo alivyosema, na nimekuandikia kama alivyosema. Andika ukitaka.

Mpwa wako


Jumatano, 2 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Sasa sikiliza. Nyumba haijengwi kwa N. Mimi huyo mwanamke sijampiga hata kofi, muulize. Sijalala nje. Nimemlisha, nimemvisha, na mbele za watu sijawahi kumsema vibaya. Kazini wananijua kwa hilo. Wako wanaume wanaopiga, hao ndio muwaandikie vitabu, msije kumchokoza mtu ambaye kosa lake ni kusifia chakula!

Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Mwambie akirudi Jumamosi atakuta jiko jipya la gesi, lenye mafiga manne, nimeshalitolea macho dukani. Asipotaka jiko, basi cherehani, ya kukanyaga au ya umeme, achague. Mwambie nimepaka rangi ukuta wa jikoni (nitaupaka kesho). Mwambie nitamnunulia redio yake peke yake. Sabuni zile za kunukia, katoni nzima. Mwambie nitakuwa nasema "Safi!" mara mbili, moja yake, moja ya Meneja, ili kusiwe na utata. Mwambie hata Meneja anaweza kuhamia bandani kazini, ingawa ni mzee na mguu wa nyuma unamsumbua.

Na kama hapo sijagusa, basi niambie wewe, unaishi naye. Anapenda nini? Nitajie kitu kimoja tu. Hicho kimoja ukinipa, mengine niachie mimi, ndiyo kazi yangu, nimewarudisha mbwa walioshindikana.

Mjomba wako


Jumanne, 15 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nilimsomea barua yako yote, mpaka mafiga manne. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliomba kalamu.

Juzi ameondoka hapa. Amepata kazi kwa dobi mmoja, ya kunyoosha nguo, na chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Nilimsaidia kubeba godoro. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa sana, kisha akaniomba nimshikie ngazi afunge pazia.

Karatasi hii ameniletea leo asubuhi. Ameniambia nikitaka nikutumie, na nimetaka.

Mpwa wako


Mwanangu,

Mjomba wako alipouliza ninapenda nini, moyo ulinidunda kama wa msichana. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Nilichukua kalamu nimwandikie mwenyewe. Nikaandika herufi mbili. Halafu nikayakumbuka maini.

Mimi ndiye niliyekuwa nakausha yale maini, wewe hukujua. Nayakata, nayaanika, namjazia mfukoni. Kwa hiyo najua yanavyofanya kazi. Mjomba wako akishajua unachopenda, amekushika, na wala hafanyi kwa ubaya. Angekileta kitu changu Jumamosi, na Jumatatu kingekuwa kimeshakuwa "Safi!" Nisingekipenda tena. Kingekuwa cha kwake.

Usimwambie. Hata wewe sikukwambia, umeona. Kipo, si kikubwa, na ni changu. Hapa chumbani ninacho.

Walimu wako wanasema kinachofunzwa kinaweza kuachwa. Waambie ni kweli ila hawakusema kwamba inauma. Jana nilimaliza rundo la mashati, nikasimama. Dobi akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana. Nikachukua shati lingine.

Sirudi. Sikusema milele, nimesema sirudi.

Dawa ya mguu wa Meneja iko kwenye kopo la bluu juu ya kabati. Apakwe kabla ya kulala, kwa kiganja, si kwa kitambaa. Asipelekwe bandani. Yeye hakunikosea.


Jumatano, 30 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na safari. Hapana, sikuwa na safari. Nilikuwa hapa.

Nikwambie jambo la mbwa, na hili ulitie kwenye kitabu chako, ni la kweli, silitii chumvi. Mbwa aliyezoea maini, siku ukimnyima, hatulii. Kwanza anakaa vizuri zaidi. Ukimnyima tena anabweka. Ukizidi kumnyima, anakutolea kila mchezo anaoujua kwa mpigo mmoja, anakaa, analala, anabiringika, anakupa mguu, anazunguka, kama kichaa. Ukimwona utacheka, halafu utamhurumia. Baada ya hapo ndipo anapolala chini na kukutazama.

Ile barua yangu ya majiko na macherehani, nilikuwa nimebaki na nakala, maana barua zangu zote natunza nakala kwa ajili ya watakaoandika habari zangu. Niliisoma tena. Mafiga manne, redio, sabuni, rangi ya ukuta. Mpwa wangu, niliona mguu wangu hewani.

Basi usiniambie anapenda nini. Ukijua, usiniambie. Nikilewa nikakuuliza, usiniambie. Nikiumwa nikakulilia, usiniambie. Mama yako naye akijua, afunge mdomo. Mimi najijua, nitakitumia.

Meneja nampaka dawa kwa kiganja. Mwanzoni alikuwa akiuvuta mguu. Nikagundua natia mkono mfukoni kila nikimaliza kumpaka, nimpe kipande. Nimeacha. Napaka tu, nafunga kopo, tunalala. Maini yaliyobaki yameota ukungu. Sikujua kwamba yanakaushwa. Nilidhani yanauzwa hivyo.

Mkurugenzi hajawahi kuniomba ruhusa. Alikuwa amedondosha funguo, akachuchumaa kuziokota. Lakini alichuchumaa, hilo lilitokea.

Ile N nimeiacha palepale na wino wake mwekundu. Nimekosa maneno mawili sasa maishani.

Nina moja la mwisho, na hili ukiliandika kitabuni weka "mzee fulani". Jumapili nilipika wali. Mara yangu ya kwanza. Chini uliungua, juu ulikuwa mbichi, katikati palikuwa na kijiko kimoja hivi cha wali wa kweli. Nikala. Nikaosha sufuria, nikaosha sahani, nikapangusa meza, nikafagia, nikakunja kile kitambaa cha jikoni mara nne kama alivyokuwa akikikunja. Halafu nikasimama katikati ya jiko na mikono imelowa. Nilisimama sana. Meneja alikuwa mlangoni ananitazama, mimi namtazama yeye. Sikujua nimesahau nini; sufuria nimeosha, moto nimezima, mlango nimefunga. Nikazunguka mara moja nikarudi palepale. Ndipo nikajua nimesimama nangoja mtu aniambie safi.

Mjomba wako